Boti ya Faiba Tuliyokataa Kuitoa

Boti ilikuwa ya daktari mmoja Mfaransa aliyekaa kwenye nyumba ya juu, inayotazama bandari ya zamani ya Moroni. Tulipojitangazia uhuru, Wafaransa waliondoka kwa kununa, na wengi wao walibeba kila kilichobebeka. Kwenye ofisi ya serikali nilikokuwa nikipiga chapa walichukua mpaka balbu za taa. Boti haikubebeka. Siku ya kuondoka, daktari alisimama gatini mbele ya makuli na mabaharia, akamgeukia mume wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwendeshea boti hiyo na kumtunzia mashine yake, akamwambia, "Sasa ni yako." Akapanda chombo, akaenda. Hakukuwa na zaidi ya maneno hayo, na ndiyo maana baadaye kila mtu alijiona ana haki ya kuniuliza boti ile ni ya nani.

Moroni meli kubwa hazifiki ukingoni. Zinatia nanga mbali, na watu na magunia huletwa nchi kavu kwa vyombo vidogo. Mume wangu aliingia katika kazi hiyo. Mabaharia waliozoea mbao waliigonga boti yake kwa vifundo vya vidole, wakaisikia inavyolia, wakasema tunasafirisha watu kwenye beseni. Yeye alicheka tu. Ilikuwa nyepesi, haikuvuja, na ubavu wake mweupe uling'aa kiasi kwamba abiria wa kike walikuwa wakijitazama humo na kurekebisha leso zao kabla ya kushuka.

Kisha akaenda Majunga, upande wa pili wa bahari, kutafuta panga la mashine, lile linalozunguka majini na kuisukuma boti. Dada yake alikuwa ameolewa huko, kama ndugu wa watu wengi wa kwetu, na alitaka kukaa naye kidogo. Ndipo yakatokea yale machafuko ambamo Wakomoro waliuawa majumbani mwao na mitaani. Mume wangu alirudi pamoja na wale walionusurika, amevaa nguo alizokuwa amekimbia nazo. Dada yake hakurudi.

Tangu hapo alikaa chumba cha ndani, uso umeelekea ukutani. Alisali, alikula nikimwekea, aliitikia salamu. Zaidi ya hayo, hakuwa na neno. Boti ilibaki imefungwa majini, na hakuna aliyeigusa. Makuli walipoivuta juu hatimaye, kwa sababu ilikuwa imewazibia njia, waliipindua juu ya mawe meusi nyuma ya gati na kuiacha. Tumboni ilikuwa imeota majani kama ndevu, na chini ya majani kulikuwa na magamba makali yaliyoganda kila mahali. Palipokuwa peupe palikuwa pamegeuka manjano, na ukipitisha kiganja kilitoka na vumbi kama la chaki.

Mwaka huohuo rais wa mapinduzi, aliyeshika nchi muda mfupi baada ya uhuru, aliwafukuza kazi wafanyakazi wa serikali, wote kwa mkupuo. Tulisikia redioni. Sisi wapiga chapa tulifunika mashine zetu, tukatoka pamoja, tukaagana barabarani. Sikulia. Nilishuka bandarini kwa sababu sikutaka kufika nyumbani mapema na kukuta ule mgongo umenigeukia. Nikakaa juu ya jiwe, mbele yangu boti.

Hapo ndipo alipokuja binti wa jirani yetu. Nilimjua tangu akiwa anatambaa. Siku zile alikuwa ametoka shule ya sekondari na kuwekwa kiongozi wa kamati ya vijana ya mtaa wetu, maana nchi ilikuwa imekabidhiwa vijana. Alikuja na wenzake, wamevaa khaki, yeye mbele.

"Ndugu," aliniambia, "mali isiyofanya kazi ni mali ya umma. Boti hii haifanyi kazi."

"Mimi pia wamenifukuza leo, sifanyi kazi," nikamjibu. "Utanichukua na mimi?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Akasema watarudi baada ya Ijumaa, na kama boti bado iko juu ya mawe, kamati itaichukua.

Niseme ukweli, mengi waliyokuwa wakiyahubiri vijana wale niliyakubali. Walisema mwanamke afanye kazi na asome. Walisema zile harusi kubwa zinazomla mtu mali yake yote ya maisha zikome, na mimi nilikuwa nimeona ukoo wangu unavyoumizwa nazo. Lakini boti ilikuwa kitu pekee kilichobaki nyumbani mwetu ambacho mume wangu aliwahi kukipenda kwa sauti. Sikuwa tayari kumpa mtu yeyote, hata kama maneno yake ni mazuri.

Kesho yake asubuhi nilijifunga leso kiunoni, nikachukua patasi butu, nikaanza kubandua magamba.

Mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo anadhani ni kukwangua tu. Ukikwangua kwa nguvu unachana ngozi ya juu ya faiba, ile iliyo laini kama ganda la yai, na maji ya bahari yataingia hapo yaiozeshe kutoka ndani. Inabidi patasi uilaze, uisukume chini ya gamba mpaka ling'oke lenyewe. Magamba yanakata. Kabla ya adhuhuri vidole vyangu vyote vilikuwa na mistari ya damu. Makuli walipita na magunia yao, wakasimama, wakaniambia nimwite mwanamume.

"Mwiteni ninyi wenyewe," nikasema. "Mko wengi hapo."

Hakuna aliyejitolea, na hakuna aliyerudia ushauri huo.

Siku hiyohiyo mama yangu mdogo aliingia kutoka Mutsamudu. Alikuwa amesikia habari za mume wangu, akaja kunisaidia kumuuguza. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, na mtu wa kujibu kabla hujamaliza swali. Alishuka kwenye chombo amejitanda shiromani yake nyekundu na nyeupe, kama wanavyojitanda wanawake wa kisiwa chao cha Nzuwani, akaniona nimepiga magoti mawe yakinichoma, akaweka mzigo wake chini.

"Mgonjwa ni yupi," akauliza akiielekezea boti kidevu, "yule wa ndani au huyu?"

"Wote wawili, mama mdogo."

"Basi tuanze na huyu aliye juani."

Hakufika hata nyumbani. Alikunja shiromani, akaikaza kifuani, akaomba patasi.

Yeye alizungumza Kindzuwani chake, mimi nilikuwa nimezoea Kingazija cha Moroni, na makuli walikaa karibu ili tu wasikie tunavyogombana kwa lugha mbili. Na tuligombana. Mimi nilitaka kuuondoa ule umanjano kwa msasa. Yeye alisema nitaimaliza ngozi, tujaribu ndimu kwanza. Alizikata ndimu, akasugua, akaacha, akasuuza kwa maji baridi, na kweli doa likafifia. Vidonda vyetu viliungua hata tukawa tunapiga kelele. Tulipiga kelele na kuendelea.

Palipokataa ndimu tulipiga msasa wa maji, ule mweusi, ambao daktari aliuacha ndani ya sanduku la mashine. Ulipokwisha, mama mdogo alichekecha majivu ya jikoni kwa kitambaa chembamba, akayalowanisha. Kwao alikuwa mng'arishaji wa sinia za shaba za harusi, na sasa harusi zenyewe zilipigwa marufuku. Aliusugua ule ubavu kwa majivu kwa mizunguko midogomidogo, akinung'unika kwamba serikali imemwondolea sinia, basi atasugua chombo.

Karibu na mkuku, kwenye uti wa chini wa boti, mawe yalikuwa yametoboa tundu la urefu wa kiganja. Hapo hapakuwa na ndimu wala majivu ya kusaidia. Kopo la gundi ya faiba lilikuwepo nyumbani, na kichupa cha dawa ya kuigandisha, lakini mchanganyiko wake aliujua mume wangu. Nilikwenda nikasimama kati yake na ukuta.

"Boti ina tundu," nikamwambia. "Watoto wa kamati wanaitaka. Mimi siwapi, ila siwezi kuiziba."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kuniona. Nikaliweka kopo miguuni pake, nikaondoka. Nilikasirika, na nilitaka ajue kwamba nimekasirika.

Alikuja alasiri. Alishika upande wa kivuli wa barabara, akashuka, akakaa juu ya jiwe bila kusalimu. Alitutazama tukisugua.

"Mnasugua ovyo," akasema. "Huku mmeenda mviringo, kule mmeenda marefu. Jua likipiga itaonekana kama ng'ombe wa madoa."

Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoyasema tangu arudi. Labda mke mwingine angelia kwa furaha. Mimi mgongo uliniuma, mikono ilikuwa inatoka damu, na aliyekuwa akikosolewa ni mimi.

"Shika kitambaa usugue wewe," nikamwambia, "au nyamaza kama ulivyokuwa umenyamaza."

Mama mdogo alishika mdomo. Mume wangu alifungua kopo. Aliimimina gundi kwenye kifuu, akatia dawa, na kwa sababu mikono ilimtetemeka, akaitia nyingi. Kabla hajafika kwenye tundu kifuu kilianza kutoa moshi, gundi ikawa jiwe humohumo na mti wa kukorogea ukasimama wima katikati. Alitukana, tusi la kibaharia ambalo sikujua kama analijua. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na mama mdogo akamgeuzia mgongo ili amwachie nafasi. Alipotulia alichanganya tena, kidogo kidogo, akalaza vipande vya nyuzi za faiba juu ya tundu na kuvikandamiza kwa brashi.

Siku iliyofuata alikuja ami yake, maalim wa chuo cha Kurani kule Ntsoudjini. Aliheshimiwa, na alikuwa amekuja na hasira yake tayari. Alisimama mbali, macho ameyaelekeza baharini ili asituone miguu.

"Wanawake wa nyumba hii wako bandarini mbele ya makuli," alimwambia mume wangu. "Hayo ndiyo mapinduzi yenu?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu. "Maalim, mapinduzi yanataka kuinyang'anya boti na wewe unataka tuiache. Mmeafikiana vizuri. Sisi tuna kazi."

"Mwanamke mwenye haya hakai hapa."

"Haya ninayo, nimekuja nayo kutoka Mutsamudu. Ninachokosa ni mtu wa kunishikia ndoo."

Maalim alimgeukia mume wangu, akitegemea aseme neno. Mume wangu alikuwa amelala chali chini ya ubavu akipiga msasa kiraka chake. Hakutoka. Alisema tu, kutoka huko chini, "Ami, sogea kidogo, unanizibia jua." Maalim aliondoka, na kwa miezi kadhaa hakutuletea salamu.

Kazi ya mwisho ilikuwa nta. Mama mdogo alikuwa na donge la nta ya nyuki kutoka vilimani kwao. Tuliikwangua ndani ya mafuta ya taa, tukaianika juani mpaka ikawa kama samli, tukaipaka kwa vitambaa na kuiacha ikauke kuwa ukungu. Ukungu huo ndio unaousugua kwa leso kuukuu ya pamba, na hapo ndipo unapoanza kuona. Kwanza mwanga, kisha kivuli chako, kisha mawe yaliyo nyuma yako, kisha msikiti wa Ijumaa na matao yake yote, umepinda juu ya ubavu wa boti. Makuli waliacha magunia wakaja kutazama. Tuliwaambia sasa ndio wakati wa kumwita mwanamume, na ndio waliotusaidia kuishusha majini.

Kamati ilipokuja baada ya Ijumaa, boti ilikuwa ikirudi kutoka melini na abiria, mume wangu akipiga makasia, maana panga jipya la mashine hatukulipata. Binti alisimama gatini, akakunja mikono.

"Inafanya kazi," nikamwambia.

"Naona," akasema, na akaondoka.

Nilidhani yamekwisha. Lakini asubuhi moja tulikuta ubavu mzima, ule wa upande wa mji, umepakwa neno la mapinduzi kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kimo cha ubavu wote, rangi imechuruzika hadi majini. Binti alikuwa amesimama gatini na wenzake, vidole vyake vyekundu bado. Hakuvificha.

"Sasa ni boti ya wananchi," akasema. "Ni heshima hiyo."

Tuliivuta juu mbele yake. Mama mdogo alileta mafuta ya taa, mimi nikaleta majivu, mume wangu akabaki amesimama kati yetu na vijana, mikono mfukoni. Tulianza kufuta herufi ya kwanza. Mmoja wa wale vijana alisema tunafuta mapinduzi. Nikamwambia nafuta rangi. Mapinduzi kama yako kwenye rangi, basi ni mepesi sana. Sikuacha hadi ubavu ulipokuwa mweupe, ingawa wekundu kidogo ulibaki umezama kwenye mikwaruzo na haukutoka kamwe.

Kamati ilinihukumu kufagia gati, mchana, watu wakiwapo, na kijana wa kamati akinisimamia. Nilivaa kanga yangu nzuri kuliko zote na kujipaka wanja. Nilifagia kama ninayefagia nyumba inayotegemea wageni. Wanawake waliokuwa wakipita walianza kunisalimia kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, habari ya kazi, habari ya nyumbani, na mimi niliitikia wote kwa ukamilifu, hata kazi ikachukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa na msimamizi wangu akachoka kabla yangu. Binti alipita mara moja. Alinitazama kanga, akainamisha kichwa.

Kisha siku moja tuliamka tukaambiwa askari wazungu wa kukodiwa wameshuka kutoka baharini na rais hayuko tena madarakani. Mji ulishangilia. Na baada ya kushangilia ukaanza kuwatafuta vijana wa kamati. Watu waliokuwa wamefyata ulimi muda wote huo sasa walikuwa na fimbo.

Boti ilikuwa juu ya mawe tena, imepinduliwa, nikiipiga nta. Binti alikuja akikimbia kutoka upande wa gati, bila khaki, bila viatu, mdomo umepasuka. Alisimama mbele yangu akihema. Hakuomba. Nadhani hakujua aombe vipi.

Niliondoa jiwe moja chini ya ubavu. "Ingia," nikasema. Aliingia, nikalirudisha jiwe mahali pake, na mama mdogo akaendelea kupaka nta kana kwamba kilichopita ni paka.

Walifika wanaume wa mtaa wetu, nawajua wote, mmoja wao alikuwa amepita akinicheka nilipokuwa nafagia. Wakauliza yuko wapi.

"Nani?"

"Usitufanye wajinga. Yule aliyekufagisha gati. Wewe ndiye wa kwanza kumdai."

"Kama namdai mimi, nitadai mwenyewe. Sikukutumeni."

Mmoja alisogea, akaweka mguu wake wenye mchanga juu ya mkuku. Mama mdogo alimpiga kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usoni hasa. "Toa mguu!" alimkemea. "Sisi tumekesha na vidonda kwa ajili ya ubavu huu, wewe unakuja kuukwaruza? Wakati wakipaka rangi ulikuwa wapi? Ulikuwa nyumbani, umefunga mlango!"

Yule bwana alitoa mguu. Wengine waliangalia chini, kwa sababu nao walikuwa nyumbani, na milango yao ilikuwa imefungwa. Mume wangu alikuwa ametoka kwenye chombo jirani na kusimama nyuma yao na kasia. Hakulinyanyua. Waliondoka wakituapiza.

Tuliendelea kusugua. Sikumbuki kama ubavu ulihitaji tena kusuguliwa. Nilimsikia binti chini ya mkono wangu akilia polepole, na sauti ilipita kwenye faiba na kunifikia vidoleni. Baadaye mama yake alishuka na kikapu cha samaki, akamfunika mwanawe kwa nguo za sokoni, wakapanda vichochoro vya mtaa wa Badjanani pamoja kama wanawake wawili waliochoka. Akapelekwa kwa ndugu zao shamba, mpaka hasira za watu zilipopoa.

Mtaani tuliitwa wasaliti. Wiki chache kabla tuliitwa maadui wa mapinduzi. Mume wangu alisema amechoka kuitwa majina kwenye mji mmoja, twende tukaitwe kwenye mji mwingine. Boti ilipandishwa juu ya jahazi la mizigo, tukahamia Mutsamudu, kwenye nyumba ya mama mdogo ndani ya mji wa kale. Huko pia walisema mwanamke haonekani ufukweni na ndoo na majivu. Nilionekana, mwaka baada ya mwaka, kila boti ilipotolewa majini, mpaka wakaacha kusema.

Mume wangu alifanya kazi nayo kwa muda mrefu. Hakuwahi kuzungumzia Majunga, ila mara moja, tukiwa tunapaka nta, alinitajia jina la dada yake na namna alivyokuwa akipika. Nilimsikiliza bila kusimamisha mkono, maana niliona kwamba anaweza kusema tu ikiwa sote tunafanya kazi.

Yule binti nilimwona tena akiwa mtu mzima, mwalimu, na watoto wake. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniuliza hali ya mama mdogo. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Sikuwa nimemtendea hisani. Ilikuwa boti yangu, na nani anaingia chini yake niliamua mimi.